Reki ya Mama Mtaa

Siku kinyozi alipompachika mwalimu lile jina, Mama Mtaa alikuwa anapinda suruali ya mteja, na sindano ya cherehani ikamkatikia papo hapo. Wengine watakwambia ni bahati mbaya tu. Mimi nasema ni wivu, wala sitazungukazunguka: yule mama alikuwa na wivu unaotosha kuchemshia chai.

Jina lenyewe lilikuwa Mama Dunia. Kinyozi alilitamka mlangoni pa kibanda chake, mashine mkononi, mteja wake amenyolewa nusu kichwa, akimwangalia mwalimu wa chekechea anavyopita na furushi la vitambaa. "Haya, Mama Dunia huyo!" akapaza sauti. "Sisi tunalala, mwenzetu anahangaika na watoto wa ng'ambo!" Watu wakacheka, yule wa nusu kichwa naye akacheka, na jina likanata. Mwalimu akaona haya, akainamisha uso, akapita zake.

Mwalimu huyo alikuwa mke wa kaka yake Mama Mtaa. Kwa maneno mengine, wifi yake. Lakini tangu siku ya harusi Mama Mtaa hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita "mwalimu", au "wewe", au akiwa na watu wengine, "huyo aliyeolewa na kaka". Mwenzake alimwita wifi asubuhi na jioni, wifi umeamkaje, wifi pole na kazi, na kila wifi ile ikiingia sikioni, Mama Mtaa aliona kama anapakwa mafuta asiyoyataka.

Ili umwelewe, ujue kwanza jina lake alilipataje. Hakuna kikao kilichokaa kumchagua. Duka lake la ushonaji lilikuwa mwisho wa mtaa, kule chini mteremko unakoishia, na cherehani aliiweka mlangoni, kwa hiyo hakuna lililompita. Mgonjwa asiye na mtu, yeye ndiye aliyempelekea uji. Taa ya barabarani ikiungua, yeye ndiye aliyekwenda ofisi za manispaa akaketi kwenye benchi, futi yake ya kupimia nguo shingoni, mpaka maofisa wenyewe wakamchoka na kumtuma fundi wa umeme. Watoto waliozaliwa mtaani hapo walimkuta tayari anaitwa Mama Mtaa, wakadhani ndilo jina alilopewa na mama yake.

Kisha kulikuwa na mtaro. Maji yote ya mtaa yaliteremka mpaka mlangoni kwake, yakaingia kwenye kalavati inayopita chini ya barabara kubwa. Mdomoni mwa kalavati palikuwa na wavu wa chuma, na wavu ule ulikuwa mlafi: chupa, majani, mifuko, kandambili ya mguu mmoja, vyote viliishia pale. Jumamosi alikuwa akiwakusanya watu kusafisha mtaro, wakija wawili watatu, wamenuna. Lakini kazi yenyewe hasa aliifanya peke yake. Kila wingu lilipojikunja, alitoa reki nyuma ya cherehani, akashuka, akakwangua ule wavu mpaka ukawa mweupe. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyeuliza. Mvua ikinyesha na kupita, watu wakashukuru kwamba mtaani kwao, alhamdulillahi, hakutuami maji.

Hilo halikumsumbua, maadamu alikuwa Mama Mtaa. Jina lile ndilo lililomwamsha asubuhi. Sasa mtu anakuja juzi tu, na koti lake la mikono mirefu na sauti ya kubembelezea watoto, anapewa dunia nzima!

"Dunia!" aliwaka akibadilisha sindano. "Hata jirani wa mlango wa tatu hamjui jina, dunia ataijulia wapi?"

"Anamjua," alisema Bibi Redio. "Juzi kamletea dawa ya kikohozi."

Bibi Redio alikaa chumba kinachopakana na duka, chumba cha chini ambacho lazima uteremke vidato kuingia. Aliitwa hivyo kwa sababu redio yake haikuzimwa hata alipolala, na kwa sababu habari ambazo redio haikuzisema, yeye alizisema.

"Sikukuuliza wewe," akajibu Mama Mtaa.

Mambo yalianza hivi. Nchi moja ya mbali ilipigwa na tetemeko la ardhi. Mwalimu aliona kwenye televisheni wanawake wakijifungulia kwenye mahema, kwenye baridi, wakiwafunga vichanga kwa magazeti. Usiku huo hakulala. Kulipokucha alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake. "Wifi, tushone mablanketi madogo, tuyapeleke. Shirika la misaada limekubali kuyasafirisha. Wewe ndiye fundi, wewe ndiye unayejulikana. Tuongoze."

Unaona? Alimwendea yeye kwanza. Na Mama Mtaa moyoni alitaka, nakuapia alitaka. Ila alitaka kubembelezwa kidogo. Akavuta midomo, akasema, "Mimi nina kazi za watu." Alisubiri aambiwe, jamani wifi, bila wewe hatuwezi. Mwalimu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa, akasema, "Pole, wifi. Basi nisikusumbue." Akaondoka. Mama Mtaa akabaki na midomo yake imevutwa, hakuna wa kuiona.

Tangu hapo roho ilimuuma mpaka akakosa usingizi. Darasa la chekechea lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na dirisha lake lilitazama chini mpaka mlangoni kwa Mama Mtaa. Kila Jumamosi, siku yake ya mtaro, watu wakapanda ngazi za pale kwenda kushona. Wanawake waliokuwa wakiumwa mgongo kila akiwaita kushika sepetu, migongo ikapona! Kinyozi, ambaye hajui hata kushona kifungo, akapewa kazi ya kukata nyuzi. Kaka yake mwenyewe, fundi wa friji, akafunga karakana kwenda kubeba maboksi. Mama Mtaa aliusafisha mtaro peke yake Jumamosi ya kwanza, na ya pili, akitupa uchafu kwa kishindo ili wamsikie kule juu. Hawakumsikia. Walikuwa wanaimba.

Siku moja kaka alimletea blanketi moja alitazame. "Dada, hebu ona kazi ya mke wangu."

Lo, raha aliyoipata! Mshono ulikuwa umekwenda kombo, ukapanda, ukashuka, ukarudi nyuma kama mlevi anayetafuta ufunguo. Aliugeuza upande huu, akaugeuza upande ule, asitake kuuachia.

"Umepinda," alisema.

"Umepinda, lakini umeshonwa kwa upendo," alisema mke wa kinyozi, ambaye alikuwa ameingia kuchukua gauni lake, kichanga chake mgongoni.

"Upendo hauzuii uzi kufumuka," akajibu Mama Mtaa. Lakini yule mama alilishika blanketi lile la kombo akalilaza shavuni, na Mama Mtaa, ambaye mishono yake ilikuwa imenyooka maisha yake yote, hakukumbuka hata mtu mmoja aliyewahi kuilaza shavuni. Akaona gere hata kwa mshono wa kombo. Fikiria!

Ikafika Jumamosi ya kufunga maboksi. Watu wote walipanda juu, maana ilisemekana kutapigwa picha. Kinyozi alifunga kibanda. Mkewe alimwacha mtoto kwa Bibi Redio, ambaye magoti yake hayakuelewana na ngazi. Mtaa ukabaki kimya, redio tu ndiyo iliyosema.

"Wewe hupandi?" Bibi Redio aliuliza kutoka mlangoni kwake, mtoto mapajani.

"Nina kazi."

"Kazi gani, na cherehani haina hata uzi?"

Mama Mtaa alikuwa ameinua macho, ameona wingu. Lilikuwa zito, jeusi chini, linakuja kwa haraka kutoka upande wa mlimani. Na wavu ulikuwa umeziba, alijua, kwa sababu wiki ile hakuugusa, alikuwa ameususa. Hata hivyo mkono wake wenyewe, kwa mazoea, ukaingia nyuma ya cherehani ukatoa reki. Alifika mpaka kizingitini. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje.

Hapo ndipo kule juu walipopiga makofi. "Mama Dunia! Mama Dunia!" Na kicheko, na vigelegele, na sauti ya kaka yake ikizizidi zote.

Alisimama. Kisha akarudi ndani, akairudisha reki mahali pake, akaketi kwenye kigoda. "Wacha inyeshe," alisema peke yake. "Wacha waone nani ni nani hapa." Alichotaka ni viatu vyao viloe. Waloe mpaka magotini, washuke wakiruka madimbwi na mavazi yao ya picha, waseme, jamani, mbona leo maji yametuama, kwani Mama Mtaa yuko wapi? Hilo tu ndilo alilotaka, nami namwamini.

Mvua ilishuka kwa hasira. Mwanzoni alisikia utamu, siwezi kusema uongo. Aliyaona maji yakijaa mtaroni, yakapanda ukingoni, yakamwagika njiani, akasema moyoni, haya sasa, shukeni. Lakini maji hayakungoja mtu ashuke. Yalikuja mekundu, yamebeba matope na matawi, yakapanda kizingiti cha duka, yakazunguka miguu ya cherehani. Mama Mtaa akanyanyua vitambaa vya wateja, akavitupa juu ya kabati. Alikuwa bado anavitupa aliposikia jambo ambalo hakuwahi kulisikia tangu ahamie pale. Redio ilinyamaza.

Alisimama na gauni la mtu mkononi. Chumba cha chini. Vidato vya kuteremka. Mtoto.

"Bibi!" alipiga ukelele akatoka mbio. Maji yalimfika magotini, na kwa Bibi Redio, kule chini, yalikuwa yameshafika kwenye komeo. Mlango ulifunguka kwa nje, na maji yaliusukuma ndani kwa nguvu zote. Aliuvuta. Haukusogea hata ukucha. Ndani alisikia mtoto akilia na bibi akisema, "Nimesimama kitandani, mwanangu, lakini kitanda kinaelea, fanya haraka!"

Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Dirisha la juu likafunguka, na mara watu wakamiminika kwenye ngazi. Wa kwanza alikuwa mwalimu, miguu mitupu, kinyozi nyuma yake anamwita mtoto wake kwa sauti isiyofanana na yake. Kaka akaushika mlango, kinyozi akaushika, na wengine. Mama Mtaa aliona kwamba hata wakiwa kumi, maji yanazidi kuja. Akarudi dukani, akachukua reki.

Alishuka kwenye mtaro akiwa na gauni lake na futi yake shingoni. Maji yalimfika kifuani, yakamtandika kwenye chuma. Hakuona kitu, alipapasa tu kwa meno ya reki, akavuta majani, akavuta gunia, akavuta kipande cha godoro kilichokuwa kimejibana kwenye wavu kama kizibo. Alikivuta na kulia, akilitukana godoro, akijitukana mwenyewe. Kilipong'oka, kalavati ikanguruma, maji yakaanza kwenda. Nyuma yake akasikia mlango ukifunguka.

Mtoto alikuwa ameloa chapachapa, midomo imebadilika rangi, kilio kimekwisha. Mwalimu alimpokea kutoka mikononi mwa Bibi Redio akapanda naye ngazi, mama yake mtoto akimfuata. Juu kule maboksi yalikuwa yameshafungwa kwa utepe wa gundi, tayari kwa safari ya ng'ambo. Mwalimu aliupasua utepe kwa meno. Alimvua mtoto, akamkausha kwa blanketi moja, akamfunga kwa jingine, akamfunga tena, mpaka ikabaki pua tu. Pua ikapiga chafya. Kisha mtoto akalia, kilio kizuri cha hasira, na mama yake akaketi sakafuni palepale.

Bibi Redio naye alibebwa juu, akafunikwa mablanketi ya vichanga, moja kila goti. "Redio yangu imekufa shahidi," alisema, meno yakigongana.

Mama Mtaa alipopanda ngazi, matope mpaka nyusi, reki bado mkononi, kinyozi alimwangukia miguuni. "Mama Mtaa! Kama si wewe! Mwanangu angekufa, jamani, kama si huyu!" Watu wakapokea. Mama Mtaa! Mama Mtaa! Walimshika mikono, walimpangusa uso, mmoja akampiga picha. Kaka yake alilia hadharani. Makofi yale yote aliyokuwa akiyatamani, kwa uzito uleule, na zaidi.

Jina lilimkaa mdomoni kama sabuni. Aliangalia huku na huku atafute pa kutazama, akakutana na macho ya mwalimu. Mwalimu alikuwa anapiga makofi kama wengine, nywele zinachuruzika. Ila hakumtazama usoni. Aliitazama reki.

Kesho yake jua lilitoka kana kwamba halikuwahi kutokea jambo. Mtoto alipelekwa kliniki, wakasema kifua safi. Mwalimu alikuja dukani na beseni la mablanketi yaliyotapakaa matope, akaliweka juu ya meza ya kukatia.

"Shirika limekubali kusubiri," alisema. "Yakifuliwa na kupigwa pasi yatakwenda. Ila mengine yamefumuka. Naona nikusumbue tena, wifi."

Mama Mtaa akalitoa moja. Alilijua hata kabla ya kulikunjua. "Hili nitalifumua lote nianze upya."

"Ndilo nililoshona mimi."

"Linajionyesha."

Mwalimu akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaanza kukamua blanketi moja mlangoni, polepole. "Wifi, jana nilikuwa dirishani nafunga boksi. Nilikuona ukitoka na reki."

Mkasi ulimponyoka Mama Mtaa.

"Nimekuona ukitoka nayo siku nyingi, wingu likija. Sikujua ni ya nini. Jana ulifika hapa, ukasimama, ukarudi ndani. Nilipokuona mle majini ndipo nikaelewa." Alikamua tena. "Labda ulidhani wingu litapita."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, umefunguliwa wazi. Ilitosha kusema ndiyo. Na unajua kilichomuuma Mama Mtaa? Si kwamba alionekana. Kilichomuuma ni kwamba yule mtu, badala ya kumuumbua mbele ya mtaa mzima, alikuwa amekaa na siri usiku kucha, akaja kumtafutia na uongo wa kujisitiri. Hata hapa kanizidi, aliwaza. Hata hapa!

"Halikuwa linapita," alisema. "Nililiona linakuja. Niliwasikia wanakuimba, nikairudisha."

"Najua."

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Hilo ni lako, utalisema wewe." Mwalimu aliliweka blanketi chini akapangusa mikono. "Mimi nina ombi moja tu. Unifundishe kuusafisha ule wavu. Ili siku nyingine ukininunia, kuwe na mtu mwingine anayejua."

Heri angemtukana. Tusi lina jibu, na Mama Mtaa kwa majibu alikuwa hana mpinzani. Alibaki ameshika lile blanketi la kombo, machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa, akajipangusa kwa upindo ule ule uliopinda.

Kisha akaingiza mkono nyuma ya cherehani.

Walipokuwa wakishuka, kinyozi aliwaona kutoka kibandani, mtoto wake begani. "Mama Mtaa! Shujaa wetu!"

"Usiniite hivyo leo," Mama Mtaa alimjibu bila kusimama. "Nikitoka huko chini nina neno na wewe. Mtoto mpe mama yake kwanza, maana utataka mikono yote miwili ya kunikaba."

Wakafika kwenye wavu. Chupa za usiku zilikuwa zimeshaanza kukusanyika. Mama Mtaa alisimama akiwa ameishika ile reki, mti wake umelainika kwa viganja vyake na vyake tu, na nakwambia kuutoa mkononi kulimwia vigumu kuliko maneno yote aliyoyasema dukani na yale aliyokuwa bado hajayasema kwa kinyozi. Mwalimu alinyoosha mkono, hakumharakisha. Mwishowe akampa.

Mwalimu akaikamata kwa mikono miwili, akapinda mgongo kwa bidii, akaipeleka majini juu chini, meno yametazama mawinguni. Mama Mtaa alimtazama, na ile raha ndogo ya zamani ikamchomoza kifuani, akashindwa kuizuia.

"Sivyo, wifi," alisema, akaingia mtaroni kumwelekeza. "Meno chini."